Vidimbwi vya kuogelea vyapanda Kericho, lakini stima yake inakaguliwa na nani?

Malori ya chai hushuka kutoka Kericho na Bomet hadi maghala ya Mombasa, na chai yenyewe hupigwa mnada hapa hapa kwetu kabla ya kupakiwa melini. Hilo kila Mpwani analijua, hata asiyewahi kuvuka Mariakani. Kisichosemwa sana ni mzigo unaopanda kwa barabara hiyo hiyo: pampu, vichujio, ndoo za klorini, taa za chini ya maji, na pamoja na vitu hivyo mafundi waliojifunza kazi katika mahoteli ya Nyali, Diani na Malindi. Zamani kidimbwi cha kuogelea huko kwenye majani chai kilikuwa kitu cha wazungu wa kampuni na wageni wao. Tea Hotel ya Kericho, iliyojengwa na Brooke Bond miaka ya 1950, ilikuwa nacho. Leo ramani za nyumba za watu binafsi, zile zinazouzwa hata kwa simu, zinakuja na kile kimraba cha buluu nyuma ya sebule, na mwenye pesa wa Litein au Silibwet anakitaka kama anavyokitaka mwenye pesa wa Nyali.

Bado ni vichache. Nimeamua kuandika sasa kwa sababu hiyo, kwani jambo likiwa changa hurekebishika kwa gharama ndogo. Kwetu Pwani tumechelewa. Vidimbwi vimejaa katika nyumba za kukodisha kuanzia Shanzu hadi Watamu na hakuna ajuaye waya zilizofukiwa chini ya vigae vyake zilipitishwa na nani. Kericho na Bomet hazijafika hapo. Lakini huko kuna mambo mawili ambayo sisi hatuna kwa kiwango kile, baridi na radi, na yote mawili yanafanya stima ya kidimbwi iwe ya hatari zaidi kuliko ya huku.

Tuanze na baridi. Mji wa Kericho uko kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari. Maji ya kidimbwi cha Bamburi hayahitaji kupashwa moto. Jua linamaliza kazi. Maji ya Kericho ukiingia asubuhi utatoka ukitetemeka. Kwa hiyo mwenye nyumba, baada ya kujenga na kuona watoto hawaingii, anaagiza hita. Hapo hesabu ya stima inabadilika kabisa. Chukua kidimbwi cha kawaida cha nyumbani, urefu mita 10, upana mita 4, kina mita moja na robo. Hizo ni mita za ujazo 50, yaani tani 50 za maji. Kuyapandisha joto kwa nyuzi 10 tu kunahitaji takriban uniti 580 za stima, kabla hujahesabu joto linalopotea usiku kucha kwenda angani. Mashine ya kisasa ya kuvuta joto kutoka hewani inaweza kupunguza hesabu hiyo hadi robo, ila bei yake ya kununua ni kubwa, na wengi huanza na hita ya kawaida ya koili.

Hita ya koili ya kilowati 12 inavuta ampea 50. Ni kama kuchemsha mabirika sita ya chai kwa pamoja, saa baada ya saa. Waya wa soketi wa milimita mbili na nusu, ambao ndio uliojaa katika kila nyumba, hauwezi mzigo huo hata kidogo. Panahitajika waya mnene, sakiti yake yenyewe, na mara nyingi stima ya fezi tatu. Yaani kidimbwi cha Kericho si kiraka cha kuunganishwa kwenye soketi ya jikoni. Kinataka bodi yake ya stima. Na mtu aliyemaliza pesa zake kwenye vigae ndiye huyo huyo anayemwambia fundi, "Tafuta tu mahali pa kuunga."

Kuungaunga huku kuna maana gani kwa anayeogelea? Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo kwenye hesabu. Ile swichi ya kawaida ndani ya bodi, tunayoiita breka, hukata stima pale waya unapolemewa au unapogusana na mwenzake. Breka ya ampea 20 inalinda waya. Binadamu haiingii katika hesabu zake. Stima ya sehemu mia moja za elfu ya ampea, mara mia mbili pungufu ya hizo ampea 20, ikipita kifuani inaweza kusimamisha moyo. Na kiasi cha sehemu kumi za elfu kinatosha kuikaza misuli isimtii mwenyewe. Kwa hiyo taa ya kidimbwi inaweza kuvujisha stima ya kuua watu watatu, na breka ikakaa palepale ikiwa imewashwa kwa sababu, kwa macho yake, hakuna tatizo.

Kinachomwona binadamu ni kifaa kingine, kile mafundi wanachokiita RCD. Kazi yake ni kulinganisha stima inayotoka na inayorudi. Vikitofautiana kwa sehemu 30 za elfu ya ampea, ina maana kuna stima inayopita njia isiyo yake, labda majini, labda kwenye mwili wa mtu, na kifaa kinakata kabla hujamaliza kutamka neno. Hakina uchawi wala hakizidi ukubwa wa kiganja. Mahali penye maji, kuishi bila hicho ni kucheza bahati nasibu.

Kuna jambo jingine ambalo sisi watu wa bahari hulielewa kinyume. Tunadhani maji ya chumvi ndiyo hatari zaidi kwa stima kwa kuwa yanaipitisha vizuri. Ni kweli yanaipitisha vizuri, na kwa sababu hiyo stima iliyovuja baharini hutawanyika katika maji yenyewe. Maji baridi hayapitishi stima kwa wepesi kama mwili wa binadamu, ambao ndani yake una chumvi nyingi zaidi. Mtu akiingia katika maji baridi yenye stima, mwili wake unakuwa njia ya mkato. Sisemi mtu akaichezee stima ufukweni. Ninasema aliyekulia Kuze au Shela akidhani anayajua maji, maji ya kidimbwi cha bara ni mengine.

Na anayepatwa na jambo hili mara nyingi hafi kwa stima yenyewe. Misuli inakaza, mikono haisogei, hawezi kupiga kelele, anazama. Maiti ikitolewa haina alama ya kuungua. Daktari anaandika kwamba amezama maji, na familia inasema alikuwa hajui kuogelea vizuri, au alikula akashiba kabla ya kuingia. Ndiyo maana ukitafuta takwimu za watu waliouawa na stima vidimbwini utakuta kimya, na kimya hicho kisichukuliwe kuwa ushahidi kwamba watu hawafi.

Pale ambapo jambo limeonekana wazi, limeonekana kwa uchungu. Juni 2017, katika mji wa Akyazı mkoani Sakarya, Uturuki, stima ilivuja ndani ya kidimbwi cha bustani ya michezo ya maji. Watoto watatu walinaswa. Msimamizi wa bustani akaruka kuwaokoa, na mwanawe naye akaruka. Wote watano walikufa. Ukisoma habari kama hiyo unaelewa kwa nini kanuni ya kwanza ni kukata stima kabla ya kugusa maji, na kwa nini swichi kuu ya kidimbwi lazima iwe mahali ambapo hata mtumishi wa nyumbani anapajua na anapafikia bila kuomba ufunguo.

Sasa radi. Ukanda wa kuanzia Ziwa Viktoria hadi milima ya Kericho, Nandi na Kisii ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi zaidi duniani. Hewa yenye unyevu kutoka ziwani inakutana na milima, na kuanzia mchana wingu linajijenga. Kericho hutajwa katika rekodi za dunia kwa mvua ya mawe, wastani wa siku 132 kwa mwaka. Mawe hayo yanararua majani ya chai kiasi kwamba miaka ya 1960 na 1970 ndege zilirushwa kutia kemikali mawinguni ili kuyapunguza makali. Wakalenjin wa kale walikuwa na jina la mwenye ngurumo, Ilat, na hawakumchukulia kwa mzaha. Anayeishi huko leo anajua kwamba saa tisa alasiri ni saa ya kuchomoa televisheni.

Radi si lazima iipige nyumba. Inatosha ipige laini ya stima kilomita kadhaa huko, kati ya mashamba, na wimbi la nguvu litakimbia kwenye nyaya hadi kwenye bodi yako. Hapo RCD hufanya mojawapo ya mambo mawili. Aidha inakata, kwa sababu imeona stima imeyumba, au inaungua ndani kwa ndani na kubaki imewashwa, ikionekana nzima huku haiwezi tena kumwokoa mtu. Jambo la pili linatisha. Lakini la kwanza ndilo linaloharibu mambo zaidi, na sababu yake ni tabia za watu.

Fundi mmoja wa Kisauni, ambaye sitamtaja kwa vile anatafuta riziki yake kwa wateja hao hao, alinisimulia kazi aliyoifanya katika nyumba moja upande wa Bureti. Alikuwa amefunga kila kitu kama alivyofundishwa hotelini. Wiki mbili baadaye mwenye nyumba akampigia simu.

"Fundi, hii kitu yako inazima kila jioni. Maji yanapoa. Itoe uweke ya kawaida."

"Mzee, hiyo ndiyo inayowalinda watoto."

"Mimi nilikulipa unipatie maji moto."

Fundi alimwambia hawezi, akamweleza ni kitu gani cha kuongeza ili isizime ovyo. Mwenye nyumba akatafuta fundi mwingine wa karibu. Kilichofuata hakijui, na mimi sikijui, lakini nadhani msomaji anaweza kukisia. Kazi ya dakika kumi: unatoa nyaya mbili, unazipitisha kando ya kifaa, unafunga kifuniko. Ukitazama kwa nje, bodi ni ile ile.

Haya ndiyo yanayonisumbua. Kule ambako kifaa hiki kinahitajika mno, hali ya hewa yenyewe inawashawishi watu wakiondoe. Na dawa yake inajulikana, wala si ya ajabu. Kwanza, kidimbwi kiwe na RCD yake mbali na ya nyumba, ili radi ikizima kimoja friji na taa ziendelee na mtu asikasirike. Pili, pale stima inapoingia nyumbani kifungwe kizuia mawimbi, kifaa kinachopokea lile pigo la radi na kulipeleka ardhini kabla halijafika kwenye bodi. Tatu, kile kitufe kidogo cha majaribio kilichoko kwenye kila RCD kibonyezwe mara kwa mara, na katika nchi ya radi kibonyezwe baada ya kila dhoruba kubwa. Kikibonyezwa na kifaa kisikate, kimekufa. Kibadilishwe siku hiyo hiyo. Ni kazi ya kidole kimoja.

Yote haya lakini yanasimama juu ya ardhi, nami namaanisha ardhi hasa, ule waya wa ethi na chuma kinachopigiliwa chini karibu na mita. Hapa Kericho ina bahati kutuzidi. Udongo wake mwekundu una kina na unyevu, na mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka. Chuma kinaingia, na kikiingia kinashika. Kwetu fundi akipiga nyundo Nyali au Shanzu anakutana na jiwe la matumbawe baada ya futi mbili, anakata kipande kilichobaki juu na kukifukia kwa mchanga mkavu. Kwa jicho ethi ipo, kwa kipimo haipo. Wanaopanda bara wakiwa na tabia hiyo ya nusu chuma wanaipeleka mahali ambapo hakuna jiwe la kuwasingizia.

Hata hivyo udongo wa chai una ubaya wake. Mchai hupenda udongo wenye asidi, na asidi hula chuma. Sisi tunajua jinsi chumvi ya bahari inavyokula mabati. Kule kinacholiwa kiko chini, hakionekani. Ethi iliyopimwa ikawa nzuri mwaka wa kwanza inaweza kuwa imeoza mwaka wa nane. Bila shaka kuna pia wezi wa shaba. Januari 2022, baada ya nguzo za laini kuu kuanguka na nchi kuingia gizani, serikali ilifikia kupiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa. Anayefungua nguzo ya stima ili auze chuma hatashindwa na kipande cha waya wa shaba kilichojitokeza nyuma ya nyumba.

Zaidi ya ethi, kidimbwi kinataka vyuma vyake vyote vifungwe pamoja: ngazi, mikono ya kushikia, nondo zilizo ndani ya simiti, kava la pampu, mwili wa hita. Vikifungamanishwa, hata ikitokea hitilafu, vyote hupanda na kushuka pamoja na hapatakuwa na tofauti ya kumpiga anayeshika ngazi huku mguu uko majini. Kazi hii hufanywa kabla ya kumwaga zege. Ikisahaulika, kuirudia ni kuvunja sakafu. Hakuna mwenye nyumba nimjuaye atakayevunja sakafu mpya yenye vigae vya buluu kwa sababu ya maneno ya makala.

Kanuni nyingine ni za vipimo tu na zinaeleweka. Mafundi wetu wamelelewa katika kanuni za waya za Uingereza, na hizo zina sehemu nzima juu ya vidimbwi. Ndani ya maji, stima ya taa isizidi volti 12, na transfoma yake ikae mbali, mahali pakavu. Kutoka ukingoni hadi mita mbili, pasiwe na soketi za kawaida. Kutoka mita mbili hadi tatu na nusu soketi inaruhusiwa ikiwa iko chini ya ulinzi wa RCD ya kiwango nilichotaja. Mtu yeyote mwenye futi ya kupimia anaweza kukagua nyumba ya jirani kwa dakika tano. Nikiwa kwenye sherehe na nikaona spika imechomekwa ukingoni mwa maji kwa waya wa kuongezea, mimi huondoka, na nimeshaitwa mkorofi kwa hilo.

Basi swali: anayepaswa kukagua ni nani? Hapa ndipo mambo yanapokwama, na hayakwami kwa kukosa sheria.

Sheria ya Kawi ya 2019 imeipa EPRA kazi ya kutoa leseni kwa mafundi na makandarasi wa stima. Kabla Kenya Power hawajafunga mita, fundi mwenye leseni anatakiwa kutoa cheti kwamba nyumba imefungwa waya sawasawa na imepimwa. Sasa tazama cheti hicho hutolewa lini: kabla ya mita, nyumba ikiwa mpya. Kidimbwi huja baadaye, mwaka wa tatu au wa tano, pesa zikipatikana. Mita ipo tayari, stima ipo tayari. Fundi anaunga nyuma ya mita, na tukio hilo halimwamshi mtu yeyote ofisini. Kenya Power hawana sababu ya kuja ila kama bili itapanda ghafla, na bili kupanda kwao ni habari njema.

Upande wa kaunti, Katiba ya 2010 katika Jedwali la Nne imezipa kaunti usambazaji wa stima na udhibiti wa kawi katika ngazi yao, na Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019 inataka ujenzi upate kibali cha kaunti. Kidimbwi ni ujenzi. Kwa hiyo kaunti ya Kericho au ya Bomet inao mlango wa kuingilia. Lakini nenda katika ofisi yoyote ya mipango, ya kwetu au ya kwao, uone kinachotazamwa katika ramani: umbali kutoka mpaka wa jirani, maji machafu yanakwenda wapi, nguzo zinabeba. Mchoro wa bodi ya stima ya kidimbwi, ukiwepo, ni karatasi ya mwisho katika faili. Afisa wa afya akija, anapima klorini. Kila ofisi inashika kipande chake na stima inapita katikati.

Kuna anayesema haya ni matatizo ya matajiri na nchi ina mengine. Nimelisikia hilo na silidharau. Mradi wa kuunganisha stima vijijini ulioanza 2015 ulishusha ada hadi shilingi 15,000 na leo wateja wa Kenya Power wamepita milioni tisa; wengi wao wana taa tatu na soketi moja, na waya zao nazo zinahitaji macho. Lakini hebu tuulize anayekaa na kidimbwi kutwa ni nani. Mwenyewe yuko Nairobi, au yuko ng'ambo, anakuja Desemba. Anayefagia majani juu ya maji kila asubuhi kwa ufito mrefu wa alumini, miguu peku, anayeingia kwenye kijumba cha pampu sakafu ikiwa imelowa, ni kijana aliyeajiriwa kwa mwezi. Katika nchi ya chai kijana huyo ana historia yake. Mama yake alichuma chai kwa mikono. Mashine zikaja zikachukua kazi ya mikono mingi, na hasira ikafika mahali ambapo Mei 2023 mashine zilichomwa moto mashambani Kericho. Aliyekosa kazi shambani anatafuta kazi kwenye uga wa mtu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamhusu, kwani inagusa kila mahali ambapo mtu anafanya kazi, lakini sijui uga gani wa nyumba uliowahi kuona mkaguzi wa kazi.

Kwetu Pwani kijana huyo yupo, na jina lake ni pool boy hata akiwa na miaka arubaini. Tofauti ni kwamba wa kwetu mara nyingi alipita hotelini, ambako kuna fundi mkuu anayepiga kelele, kuna vitabu vya matengenezo, kuna kampuni ya bima inayotaka kuona karatasi. Elimu ya vidimbwi ya nchi hii ilikaa hotelini. Sasa inahama kwenda majumbani bila yale yaliyokuwa yakiilinda, na inapofika Litein inafika ikiwa imepungua mara mbili: mara ya kwanza ilipotoka hotelini kuingia nyumba ya kukodisha, mara ya pili ilipopanda basi.

Kinachoweza kufanywa hakihitaji Bunge. Kaunti inapotoa kibali cha kidimbwi, iweke masharti mawili. La kwanza, kabla ya zege kumwagwa, fundi mwenye leseni ya EPRA apige picha na kutia saini kwamba nondo na vyuma vimefungamanishwa. La pili, kabla ya maji kujazwa, pawe na karatasi ya vipimo: ethi ina kiasi gani, RCD imekata kwa muda gani. Gharama ya vipimo hivyo ukilinganisha na bei ya vigae ni kama sukari kwenye chai. Kwa zile nyumba zenye vidimbwi tayari, Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, ambayo inasimamia nyumba za kukodisha wageni, inaweza kudai karatasi hiyo hiyo leseni inapohuishwa. Hilo litatugusa sisi kuliko wao, na litalalamikiwa sana Nyali na Diani. Na walalamike.

Kericho na Bomet zimo katika jumuiya ya kaunti za eneo la ziwa, sisi tuna Jumuiya ya Kaunti za Pwani. Jumuiya hizi hukutana, hupiga picha, huzungumzia barabara na bandari. Kuna mafundi wa hoteli za Pwani waliostaafu wakiwa na miaka thelathini ya kidimbwi mikononi, wanaokaa barazani Majengo na Kisauni wakicheza bao. Chuo cha ufundi cha Kericho au Bomet kikiwaalika kumi kati yao kwa mwezi mmoja wa mafunzo, kitapata kitu ambacho hakimo katika kitabu: namna waya inavyooza kabla haijaonekana imeoza, namna taa ya majini inavyoanza kufifia wiki mbili kabla ya kuvuja.

Yule fundi wa Kisauni ameitwa tena, safari hii upande wa Mogogosiek. Ameniambia amemwandikia mwenye kazi masharti yake kwenye karatasi: bodi ya kidimbwi peke yake, kizuia mawimbi, ethi ya vyuma viwili vilivyopigiliwa hadi mwisho, na swichi kuu nje ya kijumba cha pampu kwenye ukuta unaoonekana. Mwenye kazi amejibu kwamba atafikiria kuhusu kizuia mawimbi. Zege linamwagwa mwezi ujao.